"Itazoea" si jibu: jinsi ya kutafuta chanzo cha mtetemo baada ya kubadilisha klachi na flaiwili

Nilichukua Probox yangu gerejini jioni, klachi mpya na flaiwili mpya, lile gurudumu zito la chuma nyuma ya injini ambalo klachi hujibana juu yake. Pedali ilikuwa nyepesi, gia zinaingia bila kulazimishwa, nikalipa nikashukuru. Kabla sijafika Lanet, nikiwa gia ya tatu na mshale wa mizunguko umevuka 2,500, usukani ukaanza kuniwasha viganja. Kioo cha ndani kilitetemeka hata taa za lori lililokuwa nyuma yangu nikaziona mbilimbili. Nikampigia fundi. "Mkubwa, hiyo ni spea mpya, endesha tu itazoea."

Niliendesha wiki tatu. Haikuzoea, na mwishowe nilijifunza kutafuta chanzo mwenyewe, hatua kwa hatua. Nayaandika haya kwa yeyote aliye Nakuru, Kisumu, Kakamega au popote ambaye ameambiwa maneno hayohayo na moyo wake umekataa kuyaamini.

Tuanze na hilo la kuzoea, kwa sababu lina ukweli nusu. Kuna tatizo moja ambalo kweli hupungua lenyewe: gari likijikwaajikwaa pale unapoachia klachi kuondoka. Pleti mpya, ile sahani ya klachi inayobanwa kwenye flaiwili, bado haijalaliana vizuri na uso wa flaiwili, na kilomita mia chache za kuendesha kwa upole mjini hulainisha hali hiyo. Lakini mtetemo unaotokea gari likiwa limesimama, gia imetolewa, na unaokua kadiri unavyokanyaga mafuta, huo hauzoei. Unatoka kwenye uzito uliokaa vibaya, chuma kilichofungwa vibaya au injini isiyochoma sawasawa, na hakuna kilomita zitakazovirekebisha.

Hebu tuone hesabu yake. Nguvu ya uzito uliozidi upande mmoja huongezeka kwa mraba wa kasi. Chukua gramu 20 tu zilizozidi kwenye flaiwili, sentimita 12 kutoka katikati. Injini ikizunguka mara 750 kwa dakika, gramu hizo zinavuta kwa nguvu ya kama kilo moja na nusu, huwezi kuhisi. Kwenye mizunguko 3,000 zinavuta kwa kama kilo 24, mara 50 kila sekunde, zikisukuma krankshafti, shafti kuu ya injini, huku na huku. Ndiyo maana gari linaweza kutulia kabisa mbele ya gereji na kukutesa barabarani. Na ndiyo maana si vizuri kungoja: beringi za injini, shafti inayoingia kwenye giaboksi na bolti za flaiwili ndizo zinazobeba kipigo hicho.

Kabla ya yote, omba vyuma vya zamani

Rudi gerejini ukachukue flaiwili ya zamani, pleti ya zamani na presha pleti ya zamani (ile inayoibana pleti kwenye flaiwili). Ni zako, ulishazilipia. Fundi akikuambia zimeuzwa kwa watu wa vyuma chakavu, sikitika, kwa sababu flaiwili ya zamani ndiyo shahidi wako mkuu, kama utakavyoona mbele.

Muulize pia maswali manne, bila ukali: Flaiwili ni mpya au imetoka kwenye gari jingine? Ilipelekwa kwa lethi, mashine ya kukereza chuma, kusawazishwa uso? Bolti ni mpya au zilezile? Na ni vitu gani vingine vilivyofunguliwa ili giaboksi ishuke? Hilo la mwisho ndilo watu husahau kuuliza. Kwenye gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, giaboksi kwa kawaida haishuki mpaka betri itolewe, kikasha cha kichujio cha hewa kitolewe, shafti za magurudumu zichomolewe, mauntingi mbili au tatu (raba zinazoshikilia injini kwenye bodi) zifunguliwe, na mara nyingi bomba la ekzosi lilegezwe. Kila kimoja kati ya hivyo kinaweza kuleta mtetemo bila klachi kuhusika hata kidogo.

Hatua ya kwanza: gari likiwa limesimama

Washa injini ipate moto hadi feni izunguke angalau mara moja. Egesha mahali tambarare, vuta hendibreki, toa gia. Weka chupa ya maji iliyojaa nusu juu ya dashibodi. Sasa pandisha mizunguko polepole: 700, 1,000, 1,500, 2,000, 2,500, 3,000, ukikaa sekunde kumi kila mahali. Tazama maji. Andika kwenye karatasi ni wapi yanaanza kuchemka kwa vijiwimbi, wapi yanatulia, wapi yanazidi.

Ukiona mtetemo ni mbaya injini ikiwa chini, yaani mizunguko yake ikiwa midogo, kisha unatulia ukikanyaga mafuta, shaka zako ziende kwenye mauntingi au kwenye silinda isiyochoma. Ukiona unatokea mahali pamoja tu, tuseme kati ya 1,800 na 2,000, kisha unapotea, kuna kitu kinachogusana au kuitikia mlio: ekzosi, bati la kukinga joto, bracketi iliyolegea. Lakini ukiona unaanza kidogo na kupanda bila kurudi nyuma kadiri mizunguko inavyopanda, hapo una uzito usio na mizani. Wangu ulikuwa huo.

Hatua ya pili: pedali ya klachi

Jaribio hili halina gharama na linagawanya tatizo katikati. Injini ikiwa kwenye ile mizunguko inayotetemeka, gia imetolewa, kanyaga klachi hadi mwisho. Shikilia. Achia. Rudia mara tano.

Ukikanyaga, pleti na shafti ya giaboksi huachana na injini na kupunguza mwendo, lakini flaiwili na presha pleti huendelea kuzunguka pamoja na krankshafti. Kwa hiyo mtetemo ukiisha unapokanyaga, tafuta kwenye pleti, kwenye shafti inayoingia giaboksi, au kwenye namna giaboksi ilivyokaa dhidi ya injini. Usipobadilika hata kidogo, tafuta kwenye flaiwili, presha pleti, mauntingi au injini yenyewe. Na kama unaanza pale unapokanyaga, mtazamo uwe kwenye beringi ya klachi na vidole vya presha pleti, ambavyo vinapaswa kuwa na urefu mmoja vyote. Injini ikishuka nguvu au kulia ukikanyaga, mwombe fundi apime mchezo wa krankshafti wa kwenda mbele na nyuma, kwa sababu pedali huisukuma krankshafti mbele na kama beringi zake za ubavuni zimekwisha, hilo ni jambo zito kuliko klachi.

Hatua ya tatu: barabarani

Hapa kuna kosa ambalo sitaki ulifanye. Watu hushauriwa watoe gia gari likiwa kasi ili wasikilize kama mtetemo ni wa injini au wa magurudumu. Sisi tunaoishi Nakuru tunaijua Salgaa na Sachang'wan, tunajua wangapi wamepotea kwenye mteremko ule kwa magari yaliyoachiwa yajiendee bila gia. Usifanye hivyo. Kuna njia bora.

Tafuta barabara tambarare na tulivu. Aliye Kisumu ana bahati, barabara ya kwenda Ahero imelala juu ya tambarare ya Kano. Endesha kilomita 60 kwa saa kwenye gia ya tatu, sikiliza, kisha weka ya nne kwa mwendo uleule wa 60, kisha ya tano kama injini hailemewi. Magurudumu yanazunguka vilevile, ila injini imeshuka mizunguko. Mtetemo ukishuka pamoja na injini, chanzo kiko kwenye injini na klachi. Ukibaki palepale, ni magurudumu au shafti. Na ukitokea tu unapovuta mlima au kukanyaga mafuta kwa nguvu, kisha ukaisha ukilegeza, kagua viungo vya ndani vya shafti za magurudumu. Vilichomolewa siku ile ya klachi, na hutokea vikarudishwa bila kuingia hadi mwisho, au raba yake ikapasuka na grisi kumwagika.

Hatua ya nne: vitu vya nje, kabla giaboksi haijaguswa

Kushusha giaboksi ni kazi ya siku nzima na pesa zako. Usikubali ishushwe kabla ya haya.

Mauntingi kwanza. Fungua boneti, mtu mmoja aketi ndani, akanyage breki kwa nguvu, aweke gia ya kwanza na kuachia klachi kidogo tu, hadi injini itake kuvuta. Wewe simama ubavuni, kamwe usisimame mbele ya gari, ukitazama injini. Ikiruka kama inataka kutoka, kuna mauntingi iliyochanika au bolti isiyokazwa. Mauntingi nzima nayo inaweza kutetemesha gari kama ilikazwa injini ikiwa imening'inia kwenye jeki: raba inabaki imejikunja na kupitisha kila mtikisiko kwenye bodi. Dawa yake ni rahisi. Legeza bolti za mauntingi zote bila kuzitoa, washa injini dakika moja ijitafutie mahali pa kukaa, zima, kisha kaza. Nimeona gari la jirani yangu likipona kwa dakika ishirini kwa njia hii, baada ya mwezi mzima wa manung'uniko.

Ekzosi: lala chini injini ikiwa baridi, likamate bomba ulitikise. Likigonga chuma popote, utaona alama inayong'aa mahali linapogusa.

Silinda zote zinachoma? Kama unaweza kupata skana, isomwe. Msimbo wa P0300 ni wa injini inayokosa kuchoma bila mpangilio, na P0301 hadi P0304 zinakutajia silinda ya kwanza hadi ya nne. Bila skana, chomoa soketi ya koili ya plagi moja baada ya nyingine injini ikiwa imezimwa, uwashe muda mfupi kila mara. Silinda ambayo ukiichomolea koili injini haibadiliki hata kidogo, hiyo ilikuwa haifanyi kazi tangu mwanzo. Tazama pia paipu ndogo za hewa karibu na kikasha cha kichujio, na soketi ya sensa ya hewa, kwa kuwa vyote hivyo vilisogezwa. Waya wa ati (wa kurudisha umeme) unaotoka giaboksi kwenda kwenye bodi husahaulika mara nyingi mno. Na magari mengine, betri ikishatolewa, throto (mlango wa hewa ya injini) husahau mahali pake pa kupumzikia, injini ikanguruma chini na kutetemeka hadi kompyuta ifundishwe upya.

Jambo moja zaidi la umeme. Kuna injini ambazo sensa ya krankshafti husoma meno au mashimo yaliyo kwenye flaiwili yenyewe. Zikiwekewa flaiwili ya modeli nyingine, hata kama imefunga vizuri, kompyuta inapotea hesabu. Kama gari lako ni la aina hiyo, ukaguzi wa flaiwili ndio wa kwanza.

Kama ni dizeli yenye flaiwili ya vipande viwili

Pikapu na magari mengi ya dizeli ya miaka ya karibuni yana flaiwili iliyotengenezwa kwa vipande viwili vizito, vikiunganishwa na springi ndefu ndani yake. Kazi ya springi hizo ni kumeza mipigo ya dizeli. Flaiwili hiyo ni ghali, kwa hiyo wengi hubadilisha na kuweka ya kipande kimoja. Hilo linawezekana, lakini pleti lazima ibadilike pamoja nayo. Pleti ya flaiwili ya vipande viwili mara nyingi haina springi katikati. Ukiifunga kwenye flaiwili ya kipande kimoja, hakuna kitu chochote kilichobaki cha kumeza mipigo, na giaboksi itagonga na gari lote kutetemeka injini ikiwa chini. Hata ukifanya kila kitu sawa, dizeli iliyobadilishwa hivyo itanguruma zaidi kidogo kuliko zamani. Hilo uambiwe kabla ya kulipa.

Hatua ya tano: giaboksi ikishushwa, uwe hapo

Kama majaribio yote yameelekeza ndani, basi ishushwe, lakini nenda ukakae hapo na rangi nyeupe na brashi ndogo. Kabla bolti hata moja ya presha pleti haijafunguliwa, piga mstari wa rangi unaovuka kutoka presha pleti hadi flaiwili. Kabla flaiwili haijafunguliwa, piga mwingine kutoka flaiwili hadi krankshafti. Bila alama hizo hutajua ulichobadilisha.

Sasa linganisha flaiwili mpya na ile ya zamani, ziwe zimelazwa kando kwa kando. Hesabu meno ya nje. Pima kipenyo na unene. Zipime kwa mizani. Geuza uone vishimo vifupi vilivyotobolewa ukingoni, hivyo ndivyo kiwanda kilivyoondoa uzito uliozidi. Kuna injini ambazo flaiwili yake hubeba uzito wa makusudi upande mmoja ili kusawazisha krankshafti. Ukiweka flaiwili isiyo na uzito huo, au ukaifunga ikiwa imegeuzwa kwa mashimo machache, hakuna kitakachotuliza injini hiyo.

Ya kwangu ilikuwa na meno sawa, uzito sawa, kila kitu sawa. Nilikuwa nimekata tamaa nilipopitisha kidole kwenye uso wa ile ya zamani nikakwaruzwa. Kipini kidogo cha chuma, kinene kama penseli, kimechomoza karibu na ukingo. Nikatafuta, nikapata vitatu, vimegawana mduara sawasawa. Nikarudi kwenye mpya: mashimo matatu matupu, yanang'aa, hayajawahi kuingia kitu.

Vipini vile ndivyo vinavyoweka presha pleti katikati. Bolti sita kazi yake ni kubana tu, na tundu lake kwenye presha pleti huwa pana kuliko bolti. Flaiwili nyingi mpya huuzwa bila vipini. Fundi anatakiwa avihamishe kutoka kwenye ya zamani au anunue vingine. Wangu hakuvihamisha, na presha pleti ikakaa popote ilipoteleza. Presha pleti ya gari dogo ina kama kilo 3. Ikihama nusu milimita tu kutoka katikati, kwenye mizunguko 3,000 inavuta kwa kama kilo 15. Nusu milimita, na nilikuwa nimetetemeka wiki tatu.

Kama vipini vipo kwako, endelea. Toa flaiwili, futa uso wa krankshafti na mgongo wa flaiwili kwa kitambaa chenye petroli hadi kitambaa kibaki cheupe. Kipande cha silikoni iliyokauka, kutu au mkwaruzo uliochomoza, chochote kinene kama karatasi, kitaifanya flaiwili iyumbe. Ifunge tena, kisha fundi aweke kile kipimo cha saa chenye mshale, wao hukiita dayo geji, kwenye uso wa flaiwili na kuizungusha mzunguko mzima kwa mkono. Kwenye Toyota nyingi ndogo mshale usizidi 0.1 mm. Kama flaiwili ilipelekwa kwa lethi, hapa ndipo utajua kama ilikatwa ikiwa imekaa sawa.

Ikiwa yote ni safi na mtetemo hauelezeki, kuna jaribio la mwisho: hamisha presha pleti kwa theluthi moja ya mduara, kutoka kipini kimoja hadi kingine, ukitazama mstari wako wa rangi. Mtetemo ukibadilika, mzigo uko kati ya presha pleti na flaiwili, na vyote viwili vipelekwe pamoja kwa watu wenye mashine ya mizani.

Hatua ya sita: kurudisha

Pleti ina upande wa flaiwili na upande wa giaboksi. Soma maandishi yake. Iwekwe katikati kwa kile kifimbo cha plastiki kinachokuja na seti ya klachi, si kwa macho. Bolti za presha pleti zikazwe kwa kuvukana kama nyota, zamu moja moja, kisha mwisho kwa toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza. Kwenye Toyota nyingi ndogo ni 19 Nm. Bolti za flaiwili zina kipimo chake kikubwa zaidi kwenye kitabu cha injini yako, na injini nyingi hutaka zikazwe kisha zigeuzwe digrii fulani. Hizo ni za kutumika mara moja. Nunua mpya.

Giaboksi inapopanda, ibebwe na jeki hadi bolti ziingie. Ikiachwa ining'inie kwenye shafti yake hata dakika moja, inaweza kupinda kitovu cha pleti, na utarudi hapa. Hakikisha vipini vikubwa kati ya giaboksi na injini vipo pia. Hivyo navyo hupotea. Kama giaboksi haikalii injini, usiivute kwa kukaza bolti. Shusha utazame.

Vile vipini vitatu nilivitoa kwenye flaiwili ya zamani kwa koleo, nikavisugua kwa msasa laini, fundi akavigonga kwenye mpya kwa nyundo ndogo. Saa kumi jioni giaboksi ilikuwa juu. Niliwasha, nikaweka chupa yangu kwenye dashibodi, nikapandisha hadi 3,000. Maji yalikuwa yanatikisika kidogo ukingoni, kama gari lolote la silinda nne. Fundi aliinama dirishani akayatazama kwa muda, akaniomba flaiwili ya zamani abaki nayo, awaonyeshe vijana wake.

Baada ya kilomita 500 kaza tena bolti za mauntingi, na utazame chini ya giaboksi kama kuna tone la oili mahali inapokutana na injini.